Mchele wa Magugu

Kila mwezi wa kumi na mbili nikifungua Instagram lazima nikutane na hizi picha. Mtu kavaa tisheti iliyochapishwa jina lake, nyuma yake watoto arobaini wamepangwa kama picha ya darasa, mbele kuna gunia mbili za mchele, katoni za sabuni za mche, ndoo ya mafuta ya kula na keki ya rangi mbili, chini kaandika "nimeamua bethdei yangu niisherehekee na hawa malaika, tuwakumbuke yatima jamani". Laiki elfu na ushee. Mi huwa napitisha kidole taratibu naangalia sura za wale watoto wa mstari wa mbele, alafu nafunga simu naenda kuosha vyombo.

Sio roho mbaya. Hizo picha na mimi nimeshapiga, tena miaka mitatu mfululizo, na ya pili nilikuwa nimevaa kitenge cha sare na wenzangu na nimebeba mtoto wa mtu kiunoni kama nimemzaa mimi.

Ngoja nianze mwanzo. Nafanya uhasibu kwenye kampuni moja ya utalii hapa Arusha, ndogo tu, gari nne. Zamani kwenye ratiba zetu kulikuwa na kitu, wageni wakitoka Tarangire kabla hawajapanda Ngorongoro wanapitishwa kwenye kituo cha watoto kama masaa mawili hivi, wanaimbiwa, wanagawa penseli na pipi, wanapiga picha, wengine wanalia, wanaacha dola kwenye bahasha. Risiti nilikuwa naandika mimi. Ndo nikakijua hicho kituo, jina siliweki hapa na usiniulize inbox. Nikawapelekea wazo wenzangu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuko wanawake 14, kwamba mwisho wa mwaka tusigawane faida yote, tutoe kidogo tupeleke kwa watoto. Desemba 2017 tukakodi Noah tukaenda. Tulibeba mchele kilo 100, wa kule Magugu njia ya Babati, maana huku kaskazini ukitaka kumheshimu mtu unampikia mchele wa Magugu, ule unanukia hadi nyumba ya jirani.

Tulivyoshuka tu watoto wakatuvamia. Wanakukumbatia miguu, wanakushika nywele, wanagombania mkono wako. Kuna kadogo kamoja kama miaka miwili na nusu kakanikwea hadi kifuani kakaniita mama, basi nikaishiwa nguvu, nikalia pale pale mbele za watu, na ofisini nilisimulia wiki nzima. Nitamwita Dogo. Alikuwa na dada yake wa miaka saba, yule hakukimbia kwa mtu, alikaa kwenye ngazi za bweni anatuangalia mmoja mmoja kama konda anayehesabu abiria.

2018 tukarudi. 2019 tukarudi, safari hiyo na mpiga picha wa kulipwa. Na Dogo kila mara alikuwa ananiita mama. Nilichokuwa sitaki kukiona ni kwamba alikuwa anamwita mama kila mtu, volantia wa kizungu aliyekuja wiki mbili, mke wa dereva, hadi dada aliyeleta mtungi wa gesi.

Alafu ikaja corona. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza nchini akatangazwa, na alikuwa hapa hapa Arusha, kesho yake shule zikafungwa. Wageni wakafuta safari zao zote, uwanja wa ndege wa KIA ukawa kimya, ofisini tukawekwa nusu mshahara alafu robo alafu "tutawapigia". Mwezi wa nne mkurugenzi wa kile kituo akanipigia, ana unga wa siku tatu. Nikakusanya nilichoweza nikapeleka. Baada ya kama wiki mbili nikarudi, nakuta uwanja umepoa, hakuna aliyenikimbilia. Walikuwa watoto 43, walibaki 15. Moyo ukanipasuka, nikajua wameugua.

"Wamechukuliwa na ndugu zao," mkurugenzi akasema.

Ndugu gani tena, nikamuuliza, si yatima hawa?

Akaniangalia vile mtu mzima anavyomwangalia mtoto. "Dada, kila mtu ana ndugu."

Aisee. Yaani miaka mitatu nabeba mchele sikuwahi kujiuliza hata siku moja. Neno lenyewe yatima tunalitumia vibaya, kwa Waislamu yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabalehe, na UNICEF kwenye hesabu zao wanahesabu aliyepoteza mzazi mmoja au wote wawili, kwaiyo ukisikia "mamilioni ya yatima" humo ndani kuna watoto kibao wanaolala na mama zao kila usiku. Na hao walio kwenye vituo, dunia nzima, wengi wao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Sio siri, iko kwenye ripoti yoyote ya maana. Ila haipo kwenye zile bahasha za dola.

Mkurugenzi akaniambia hawa 15 ni wale ambao ndugu hawapatikani kwa simu au hawana nauli. Dogo na dada yake wamo. Bibi yao yupo, anaitwa fulani, yuko Magugu.

Magugu! Pale pale kilipotoka kile kiroba nilichokuwa nakuja nacho kila Desemba, kama masaa mawili na kitu kwa basi.

Nikasema mi nitawapeleka. Na hapa ndo akili zilinirudia kidogo, maana yule mkurugenzi alikuwa tayari kunipa watoto jioni ile ile, nguo zao kwenye mfuko wa sandarusi, sijaandika hata jina langu popote. Nikamwambia ngoja kwanza. Usiku nikamwelezea mwenzangu mmoja wa kikundi akaniambia we mwanamke una wazimu, huwezi kubeba watoto wa watu kama kuku, nenda ustawi.

Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ni chumba kimoja, mafaili hadi kwenye dirisha. Afisa niliyemkuta ni dada wa makamo yangu, ana kata saba peke yake na pikipiki ambayo mafuta yake yanategemea kama bajeti imeshuka. Nilivyomwambia watoto 28 wametawanyika alifunga faili akakaa kimya muda mrefu, alafu akaanza kugomba, sio mimi, anagomba tu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 makao ya watoto lazima yawe na leseni na mtoto haingii wala hatoki kienyeji, lazima ustawi wajue anatoka kwa nani anaenda kwa nani na huyo nani yukoje. Kituo kinatakiwa kiwe mlango wa mwisho kabisa baada ya ndugu, baada ya familia ya kambo ya muda, baada ya kuasili. "Kwetu kimekuwa mlango wa kwanza," akasema, "kwa sababu ndo mlango wenye hela."

Nikajitetea. Nikamwambia lakini dada wale watoto wana upendo, yule mdogo ananikimbilia ananiita mama.

"Una mtoto?"

Ninaye.

"Alipokuwa na umri huo, akija mgeni nyumbani ambaye hajawahi kumuona, alikuwa anafanya nini?"

Nikafikiri. Anajificha nyuma yangu.

"Basi," akasema, akaendelea kuandika.

Hilo alikuwa amelisoma darasani, pale Chuo cha Ustawi wa Jamii Kijitonyama, na mi nikaenda kulitafuta kwenye intaneti usiku. Kumbe Romania baada ya rais wao Ceaușescu kuanguka mwaka 1989 dunia ilikuta watoto zaidi ya laki moja wamejazwa kwenye taasisi za serikali, na kuanzia miaka ya 2000 watafiti wa Kimarekani wakaenda Bucharest wakachukua watoto 136 waliokuwa kwenye hizo taasisi, nusu yao wakapelekwa kwenye familia za malezi kwa kura, nusu wakabaki na huduma ya kawaida, wakawafuatilia miaka na miaka. Waliokwenda kwenye familia akili zao zilifunguka zaidi, hasa walioenda kabla ya kufikisha miaka miwili. Na moja ya vitu walivyoviona kwa watoto wa taasisi ni hiki cha kumwendea mtu yeyote asiyemjua bila hofu, kumkumbatia, kuwa tayari kuondoka naye. Mtoto anayelelewa na watu wanaobadilika kila zamu anajifunza kwamba kila mkono unaopita inabidi ushikwe haraka kabla haujaondoka. Sasa mimi nilikuwa nalia machozi ya furaha.

Kwenye faili la Dogo na dada yake pale kituoni kulikuwa na karatasi ya Kiingereza yenye picha zao, ya kutumwa kwa wafadhili. Inasema walikutwa barabarani wakiwa wameachwa, wazazi wote wamekufa. Dada yake Dogo alikuwa ameshaisoma, si alikuwa anasoma inglishi midiamu. Akaniuliza siku moja tunasubiri gari, "Anti, kwani sisi tuliokotwa?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia tunaenda kumuuliza bibi.

Tulienda mwezi wa tano, mimi, dada wa ustawi na hao wawili. Mabasi yalikuwa ya kukaa tu, hakuna kusimama, kwaiyo nauli ilipanda na konda wanakufokea unawe mikono. Dogo alitapika Makuyuni, akatapika tena Minjingu. Ila dada yake, yule asiyeongea, tulivyopita Minjingu akaanza kutaja vitu kabla havijafika. Hapo mbele kuna daraja. Hapo kuna mama anauza miwa. Kweli miwa ikaja. Nikaona dada wa ustawi anaandika kwenye daftari.

Bibi tulimkuta kwenye kigoda nje ya nyumba, anachambua mchele kwenye ungo kwa vidole, uso ameuinua juu kama anasikiliza redio. Tulipopiga hodi akageuka upande ambao sio. Shikamoo bibi. "Marahaba, nani mwenzangu?" Macho yote mawili yalikuwa na ule weupe wa mtoto wa jicho. Dada wa ustawi akamwambia taratibu tumekuja na nani, na yule bibi hakulia wala nini, aliweka ungo chini akanyoosha mikono akawa anapapasa uso wa mjukuu wake wa kike, masikio, shingo, mabega, akasema kwa Kimbugwe kitu ambacho mtoto alikuwa ameshakisahau, ikabidi jirani atafsiri. Alikuwa anasema umerefuka.

Stori yenyewe ni fupi. Binti yake alifariki 2016 kwa kuumwa. Baba yao yupo, mwanaapolo, yuko Mirerani anachimba tanzanite, anarudi akipata na hajawahi kupata. Bibi akabaki na wajukuu na jaruba moja la mpunga, akamudu mwaka mmoja hivi, alafu macho yakaanza kuziba. Dogo alikuwa ametambaa hadi kwenye mfereji wa maji ya mpunga, jirani ndo akamdaka. Akaogopa. Mtu mmoja wa kanisani akamwambia Arusha kuna shule ya bweni ya bure, chakula, matibabu, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Aliambiwa shule. Kwaiyo akawa anasubiri likizo.

"Nikasubiri Juni, nikasubiri Desemba. Nikasema labda shule za Arusha hazina likizo."

Dada wa ustawi akatoka nje akasema anaenda kupiga simu. Hakupiga simu yoyote, nilimuona.

Fikiria lakini. Huyu bibi hakuwa amekosa mapenzi wala nyumba wala chakula, mchele alikuwa nao! Alikosa macho. Na kwa upasuaji ambao hauchukui hata nusu saa, wanatoa ile lenzi iliyochafuka wanaweka ya bandia, kesho yake wanafungua bandeji unarudi nyumbani. Mtoto wa jicho ndo aliyempokonya watoto wake, na sisi tulikuwa tunapita barabara hiyo hiyo ya kwenda kwake kila msimu na wageni wetu tunaelekea kuwaonyesha tembo.

Nilidhani tutawaacha siku ile. Dada wa ustawi akakataa kabisa, akasema bibi haoni, nani atamwangalia Dogo na ule mfereji upo pale pale. Tukarudi nao, bibi kasimama mlangoni. Niliona ni ukatili na nilimnunia hadi Makuyuni. Yeye akawa anapiga simu kwa mwenzake wa Babati, wakakaa na mwenyekiti wa kijiji, wakapata mama mdogo wa hao watoto anayekaa nyumba ya tatu, ana watoto wake wanne, akasema nitakaa nao mchana hadi bibi yao apone lakini jamani na mimi chakula. Ripoti ikaandikwa. Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni na wiki hiyo hiyo ndo wakarudi kwao moja kwa moja.

Kikundi tulikaa kikao kirefu. Nilileta hesabu, si kazi yangu. Desemba 2019 tulitumia 1,150,000, humo mchele ulikuwa kama 220,000 tu, zilizobaki ni Noah, keki, vitenge vya sare, mpiga picha na sisi wenyewe kula njiani. Kuwarudisha hawa wawili, nauli za wote mara tatu, sare na viatu, madaftari, godoro na neti, bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa ambayo ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita mwaka mzima, na nauli ya bibi na msindikizaji wake kwenda kwenye kambi ya macho Babati mwezi wa kumi, jumla haikufika 650,000. Kuna mama mmoja kwenye kikundi akauliza sasa picha tutapiga wapi. Alikuwa anatania, nadhani.

Na msidhani ikawa raha mustarehe. Dada yake Dogo alituchukia miezi sita. Alizoea mkate asubuhi na katuni jioni, sasa ni uji na kuteka maji. Shuleni wakamrudisha darasa kwa sababu hesabu alikuwa anazijua kwa Kiingereza, ukimwambia kugawanya anakodoa macho. Siku moja alitembea na begi lake hadi stendi, akamwambia konda anaenda Arusha kwao. Kwao! Mama mdogo alimfuata, hakumpiga, alikaa naye kwenye benchi hadi giza. Wanasema elimu bila ada, na ni kweli ada ilifutwa Januari 2016, kwanza hadi kidato cha nne, lakini sare ipo, viatu vipo, mchango wa chakula upo, na kwa bibi asiye na kipato hivyo vitu vidogo ndo ukuta wenyewe. TASAF hakuwemo. Ule mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza 2012 ungemfaa kweli, maana ulikuwa unalipa kaya na masharti yenyewe ni mtoto aende kliniki na shule, ila siku ya kuandikisha alikuwa Babati hospitali, jina likaruka, ukiruka unasubiri.

Vyeti vya kuzaliwa ndo vilinizeesha. Kuna ule usajili wa bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano, RITA, wale wakala wa serikali wa vyeti, waliuanzisha Mbeya 2013 na ukaanza kusambaa mikoani, unafanyika zahanati au ofisi ya kata, kitu kizuri sana, lakini tulivyokuja kushtuka Dogo alishavuka mitano. Kwaiyo barua ya mtendaji, kadi ya kliniki ambayo iko kituoni, kituo wanasema iko kwa mhasibu, mhasibu kaacha kazi, cheti cha ubatizo, rudi tena Jumanne. Bila kile cheti mtoto anaweza kuandikwa kwenye karatasi ya mfadhili kwamba ameokotwa, na hakuna karatasi nyingine ya kubisha.

Baba yao alisikia, akaja kutoka Mirerani na soksi mpya na viatu saizi ya mtoto wa miaka mitatu. Akakaa siku mbili. Akaacha elfu ishirini. Ni hivyo tu, simlaumu sana, kuna wanaume wamezeekea kwenye yale mashimo wanasubiri jiwe.

Sasa kabla hujakimbia kuandika "vifungwe vyote", nisikilize na hili maana linaniuma zaidi. Katika wale 28 waliotawanywa kwa simu kulikuwa na binti wa kama miaka 12. Aliyekuja kumchukua ni baba mdogo wake, na huyo baba mdogo ndo sababu binti alipelekwa kituoni, miaka miwili nyuma, na jirani aliyemhurumia. Hakuna aliyeangalia faili. Dada wa ustawi aligundua mwezi wa saba akaenda na polisi wa dawati la jinsia na watoto, akamtoa, akamweka kwa familia ya kuaminika, ndo wanavyoziita, familia ambazo zimekaguliwa na kufundishwa kupokea mtoto wa dharura nyumbani kwao. Yule binti kituo kilikuwa kimemwokoa kweli. Mimi pale nilikuwa nimeshaanza kuimba nyimbo za "familia ndo kila kitu" ikabidi nimeze mate. Ule utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, wavulana 1 kati ya 7. Hao sio wote walikuwa wanaishi barabarani, wengi wana nyumba na geti. Ndo maana mtu kama yule dada na pikipiki yake isiyo na mafuta ana thamani kuliko gunia lolote, kwa sababu kujua nyumba ipi ni ya kurudi na ipi sio inahitaji mtu aende akae kwenye kigoda aulize, na arudi tena baada ya mwezi bila taarifa. Namba 116 ni bure mitandao yote, kama una wasiwasi na mtoto piga, sio lazima uwe na ushahidi, wao ndo watajua wafanyeje.

Wenzetu wameshaanza hii njia. Rwanda tangu 2013 wana mpango wa kuwatoa watoto kwenye taasisi kuwarudisha kwenye familia, na zile familia za malezi wanaziita Malayika Mulinzi, sihitaji kutafsiri hapo. Kenya walisimamisha kusajili vituo vipya 2017, alafu 2022 wakaja na sheria mpya ya watoto na mkakati wa miaka kumi wa kufanya hivyo hivyo. Na sehemu zote ugumu ni ule ule, kitanda kimoja kituoni kina mfadhili, ila bibi wa Magugu hana. Mtoto akiwa kituoni anapigika picha, akiwa kwa bibi yake ni mtoto tu wa kijiji.

Mkurugenzi wa kile kituo hakuwa mwizi, nalisema hili kwa sababu mtaniuliza. Alikuwa analala pale pale, anakula ugali ule ule, mtoto akiugua usiku anambeba mgongoni. Lakini 2021 wageni walivyorudi na vitanda vikajaa tena, wengine watoto wapya, wengine wale wale. Ofisini nilipambana ile ziara ya kituo itolewe kwenye ratiba, bosi akasema wateja wanaipenda, nikasema basi mi sitaandika hizo risiti, tukanuniana miezi, mwishowe ikatoka, sio kwa sababu yangu nafikiri, ni kwa sababu mawakala wa Ulaya walianza kuuliza maswali.

Kikundi chetu bado kinatoa. Hatuendi popote Desemba. Dada wa ustawi akikwama anatuambia, kuna kipindi ilikuwa mafuta ya pikipiki, kuna kipindi cherehani ya mama mmoja huko Ngaramtoni ambaye alikuwa anataka kuwapeleka mapacha wake kituoni kisa kodi ya miezi mitatu. Tulilipa kodi. Haina picha hiyo.

Magugu nilirudi Julai 2021, nilikuwa naenda msibani Babati nikashuka njiani. Bibi alinikazia macho kwa muda alafu akacheka hadi akashika ubavu. "Kumbe we ndo mweusi hivi! Kwa sauti nilijua ni mnene mweupe." Alikuwa ananionyesha vitu kama mgeni ni yeye, kuku yule ana doa, mlima ule pale, na mchele alikuwa anauchambua huku anauangalia, anatoa kijiwe anakitupa kwa mbwembwe. Dada yake Dogo akaniamkia vizuri, akanipimia mchele kwenye kiroba, nikamkataza, bibi akasema usinitukane mjukuu wangu, kwaiyo nikapokea, kama kilo kumi na tano hivi.

Dogo alikuwa shule ya awali, akarudi saa sita ana tope hadi magotini, kapitia majarubani. Akaniona. Akasimama. Alafu akazunguka kwa mbali akaenda kujibana nyuma ya bibi yake, akajifunika na pindo la kanga.

"Njoo umsalimie anti, ndo aliyekuleta."

Hataki. Bibi akamvuta mkono, akashikilia kanga kwa meno. Bibi akaona aibu, akasema huyu mtoto siku hizi hana adabu, mgeni akija ni hivi hivi. Nikamwambia mwache bibi, mwache kabisa.

Kwenye basi nilimpigia dada wa ustawi. Nikamwambia Dogo kanikataa, hata shikamoo hakunipa.

"Kajificha wapi?"

Nyuma ya kanga ya bibi.

Akacheka kwenye simu, alafu akaniambia nikishuka nimpitishie na yeye mchele kidogo.